Batri ya gari haichaguliwi kwa macho: mambo ya kujua kabla ya kutoa dola

Asubuhi mapema mjini Bukavu, taksi yenye batri iliyochoka hujulikana kwa mahali ilipolala: kwenye mteremko. Shoferi anaachia breki, gari inashuka yenyewe, anaingiza vitesi ya pili na injini inaitika. Mjini Goma, ambako njia nyingi ni tambarare, kazi hiyo hufanywa na vijana watatu au wanne wanaosukuma, kisha wanasubiri feza ya chai.

Wapita njia hucheka. Kwa shoferi hakuna cha kuchekesha. Gari isipowaka saa kumi na mbili, abiria wa kwanza wamekwisha kwenda na moto, na jioni mwenye gari atadai feza yake ya siku kama kawaida. Kwa gari inayopanda milima ya Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, au lori linalotoka mpakani Kasindi na mizigo ya wafanyabiashara wa Beni na Butembo, batri kufa njiani kunaweza kumaanisha kulala mahali ambapo hakuna mtu anayetaka kulala.

Mara nyingi batri hiyo si ya zamani. Ilinunuliwa miezi michache iliyopita, iliuzwa kama mpya, na ilichaguliwa kwa kuangalia vitu viwili tu: bei na ukubwa wa sanduku. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Batri mbili zinaweza kufanana kwa umbo, zikaandikwa volti 12 zote mbili, na bado moja ikafaa gari na nyingine ikafaa nyumba. Anayeingia dukani anapaswa kujua kwanza batri itafanya kazi gani, ndipo aulize bei.

Batri ya kuwashia na batri ya kutunzia umeme

Batri ya kawaida ya gari haijabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipotengeneza batri ya kwanza ya risasi inayoweza kuchajiwa tena, mwaka 1859. Ndani yake kuna plaka za risasi zilizolowa katika maji yenye asidi. Batri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba kikijaa umeme kinatoa karibu volti 2.1. Ndiyo sababu batri iliyojaa hupimwa volti 12.6 au zaidi kidogo, si 12 kamili.

Tofauti iko kwenye plaka. Batri ya kuwashia gari ina plaka nyembamba na nyingi. Zinatoa umeme mkali sana, mamia ya ampea, kwa sekunde chache tu, muda wa demareri kuzungusha injini. Injini ikishika, alternateri inarudisha kile kilichotumika. Batri hiyo imetengenezwa ili ibaki karibu imejaa wakati wote.

Batri ya solari ina plaka nene. Haiharakishi. Inatoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, usiku mzima, na inavumilia kushuka sana kisha kujazwa tena siku ya pili.

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, ambako umeme hukatika au haujafika kabisa, batri hizi mbili hubadilishana kazi kila siku. Jioni mwenye gari anafungua kapo, anatoa batri na kuiingiza nyumbani ili iwashe taa na televisheni na kuchaji simu za jirani. Asubuhi anairudisha. Gari ikiwaka, anaona hakuna kilichoharibika.

Kumbe kimeharibika. Televisheni ndogo na taa zinazotumia jumla ya wati 50 zinavuta karibu ampea 4 kwenye batri ya volti 12. Kwa saa tano, hiyo ni karibu ampea-saa 20. Kwa batri ya gari ndogo yenye ampea-saa 45, karibu nusu ya umeme wake imekwenda kwa usiku mmoja. Plaka nyembamba hazikuundwa kwa maisha hayo. Zinaanza kumomonyoka na unga wake kushuka chini. Batri ikikaa siku nyingi bila kujazwa, fuwele ngumu nyeupe zinashika juu ya plaka na kuzuia umeme kuingia. Mafundi husema batri haishiki tena chaji.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Mtu anauziwa batri ya solari kwa ajili ya gari yake ya mazutu kwa sababu imeandikwa ampea-saa 100 na inapatikana kwa urahisi. Namba ni kubwa, lakini batri hiyo haikutengenezwa kutoa umeme mkali kwa sekunde chache. Demareri inaguna, taa zinafifia, na fundi anaanza kufungua demareri isiyo na ugonjwa wowote.

Mwenye nyumba anayehitaji mwanga atafaidika zaidi akinunua batri ya solari, hata ndogo, na kuacha ile ya gari ikae kwenye gari.

Kusoma maandishi ya batri

Juu ya batri kuna namba ambazo wauzaji wengi huzipita haraka. Tatu kati yake zinatosha kumlinda mnunuzi.

Ya kwanza ni volti. Magari madogo na moto nyingi hutumia volti 12, na malori mengi volti 24.

Ya pili ni ampea-saa, inayoandikwa Ah. Inaeleza ni umeme kiasi gani umehifadhiwa. Batri ya 60 Ah, kwa kipimo cha kawaida cha saa 20, inaweza kutoa ampea 3 kwa saa 20. Hiyo haimaanishi kwamba itatoa ampea 60 kwa saa moja nzima. Umeme ukivutwa kwa nguvu, batri huisha mapema kuliko hesabu inavyoonyesha.

Ya tatu ni nguvu ya kuwasha, inayoandikwa kwa herufi A au CCA. Inaeleza ni ampea ngapi batri inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo haiko Kivu wala Ituri, lakini namba hiyo inasaidia kulinganisha batri mbili zilizopangwa pamoja dukani. Batri isiyo na namba hiyo kabisa inastahili swali moja zaidi: je, hii ni ya gari au ni ya solari?

Kwa kawaida gari ndogo ya petroli hutosheka na batri ya kati ya 35 na 50 Ah. Gari ya mazutu inahitaji zaidi, mara nyingi kuanzia 70 Ah na kuendelea, kwa sababu injini yake inabana hewa kwa nguvu kubwa na ni nzito kuizungusha. Tena, nyingi kati yake zina plagi za kupasha joto zinazokula umeme kabla injini haijazunguka. Hapo ndipo batri ya Vitz iliyowekwa kwenye jeep ya mazutu inaposhindwa baada ya majuma machache.

Je, batri kubwa kuliko inayotakiwa inaweza kuunguza gari? Hapana, ikiwa volti ni zilezile. Demareri huvuta umeme inaouhitaji tu. Lakini batri kubwa lazima ienee kwenye kiti chake na ifungwe vizuri, na gari inayofanya safari fupi tu mjini huenda isipate muda wa kuijaza. Kuongeza kidogo ni sawa. Kuongeza mara mbili ni kupoteza feza.

Magari ya Japani na vichwa vyake

Magari mengi yanayotembea mashariki mwa nchi ni ya Japani, yenye usukani wa kulia, yaliyoingia yakiwa yamekwisha tumika. Batri zake hufuata alama za Kijapani, kwa mfano 55D23L. Alama hiyo si fumbo. Namba ya kwanza inaonyesha daraja la nguvu. Herufi inayofuata inaonyesha upana na urefu wa kwenda juu wa sanduku. Namba 23 ni urefu wa sanduku kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha vichwa vimewekwa upande gani.

Herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoweza kugharimu sana. Batri ya L na ya R zinaweza kuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa kichwa cha chanya na cha hasi vimebadilishana pande. Nyaya za gari zimekatwa kwa kipimo. Fundi mwenye haraka akizivuta na kuzifunga bila kuangalia alama ya + na −, anaweza kuunguza fuzi kubwa, diodi za alternateri, au kompyuta ya gari. Bei ya kompyuta hiyo haifanani hata kidogo na ile ya batri.

Kuna pia suala la unene. Batri nyingi ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba, na batri za aina ya Ulaya zina vichwa vinene. Kifungio kinene kikiwekwa kwenye kichwa chembamba hakishiki. Dawa ya mtaani ni kuingiza msumari au kipande cha kopo. Gari itawaka siku hiyo, lakini mahali pale panapata joto, panaota unga wa kijani au mweupe, na umeme unapotelea hapo. Siku moja gari inazima kwenye shimo la barabara, na batri inalaumiwa bure. Kubadilisha kifungio ni kazi ndogo na ni ya bei rahisi.

Njia salama kuliko zote ni kwenda dukani na batri ya zamani yenyewe, au picha yake kwenye simu: alama, upande wa vichwa, na kipimo cha kiti chake.

Ya maji, iliyofungwa, na zile za kisasa

Batri yenye vizibo sita juu ndiyo inayojulikana zaidi. Inahitaji kuangaliwa maji, angalau mara moja kwa mwezi kwa gari inayofanya kazi kila siku. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kupima asidi ya kila chumba na kujua kipi kimekufa.

Hapa kuna kosa linaloua batri nyingi. Vitu viwili tofauti huitwa kwa jina moja, maji ya batri. Kimoja ni asidi, inayotiwa mara moja tu batri ikiwa mpya na kavu. Kingine ni maji yaliyosafishwa, ya kuongeza pale yaliyomo yanapopungua. Kinachopotea kwa joto ni maji, asidi inabaki ndani. Anayeongeza asidi kila mara anaifanya iwe kali kupita kiasi na kula plaka. Anayeongeza maji ya bomba au ya ziwa anaingiza chumvi na madini yanayoharibu plaka vilevile. Maji yaongezwe yafunike plaka, yasifurike.

Batri iliyofungwa haiongezwi maji. Inamfaa mwenye gari asiye na muda wa kuitunza, lakini haivumilii alternateri inayochaji kupita kiasi, maana maji yakikauka hayarudi.

Magari mapya zaidi kutoka Ulaya na Japani, yale yanayozima injini yenyewe yakisimama na kuiwasha tena, hutumia batri za aina mbili zenye alama EFB na AGM. Zimetengenezwa kuvumilia kuwasha mara nyingi kwa siku. Gari iliyokuja na AGM ikitiwa batri ya kawaida, itawaka vizuri mwanzoni, lakini batri hiyo itachoka mapema sana. Anayenunua gari ya namna hiyo aingize bei ya batri yake katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius, yana batri mbili. Ile kubwa ina volti za hatari, inayopitisha umeme kwenye nyaya za rangi ya machungwa, na haiguswi na fundi asiyefunzwa. Ile ndogo ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, ndani ya gari, na ina mpira mwembamba wa kutolea gesi nje. Batri ya kawaida isiyo na mahali pa kufungia mpira huo isiwekwe humo, kwa sababu gesi yake itabaki ndani pamoja na abiria.

Wengi huuliza pia kuhusu batri za lithiamu, hasa kwa kuwa Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika batri nyingi za simu na za magari ya umeme. Batri za lithiamu zinazouzwa kwa ajili ya solari ni nzuri kwa nyumba. Lakini zina namna yake ya kuchajiwa, na haifai kuiweka mahali pa batri ya risasi chini ya kapo bila vifaa vinavyostahili.

Malori: mbili zinazovuta pamoja

Lori la volti 24 lina batri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Umeme uleule unapita katika zote mbili, kama ng'ombe wawili wa nira moja. Mmoja akichoka, wote wanasimama.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kuzibadilisha zote mbili kwa wakati mmoja, za aina moja na ukubwa mmoja. Batri mpya ikifungwa pamoja na ya zamani, wakati wa kuchaji ile mpya inajaa haraka na kuchemka, huku ya zamani ikibaki na njaa. Baada ya muda mfupi mwenye lori ana batri mbili mbovu.

Sheria ya pili inahusu radio. Mashoferi wengi hufunga radio, chaja ya simu au taa ya kibandani kwenye batri moja tu ili wapate volti 12. Batri hiyo inanyonywa usiku kucha na mwenzake amepumzika. Asubuhi alternateri inazichaji kana kwamba ziko sawa, na haziko sawa. Kifaa kidogo cha kushusha volti 24 kuwa 12 ni cha bei ndogo kuliko batri ya lori.

Baadhi ya Land Cruiser za mazutu nazo zina batri mbili, lakini si zote zimefungwa namna moja. Nyingine zimefungwa kwa mfuatano kupata volti 24, nyingine kwa sambamba na kubaki na volti 12. Fundi apime kwanza ndipo afungue.

Kwa wanamotari, jambo ni dogo lakini si la kupuuza. Kwa kuwa moto inawaka kwa teke, wengi hutembea na batri iliyokufa miezi na miezi. Bila batri nzuri, umeme wa moto hauna mahali pa kutulia, na balbu au kifaa cha kurekebisha chaji vinaweza kuungua. Batri mpya ya moto inayojazwa asidi dukani inapaswa kupumzika kidogo kisha kuchajiwa polepole kabla ya kufungwa. Ikifungwa palepale, haitafikia nguvu yake kamili.

Uvira si Butembo

Joto ndilo adui mkubwa wa batri, hata kama baridi ndiyo inayoonyesha kwamba imekufa. Wahandisi hutumia kanuni hii: kila nyuzi 10 zinazozidi nyuzi 25, maisha ya batri hupungua karibu nusu. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu karibu mita 1,460. Kwa hiyo batri inayofanya kazi Uvira au Kalemie hukausha maji haraka kuliko ile ya Goma au Bukavu, na inahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi.

Butembo na vilima vya Lubero vina hadithi nyingine. Asubuhi ya baridi, mafuta ya injini yanakuwa mazito na batri inatoa nguvu kidogo. Batri iliyokuwa ikijikokota inagoma siku hiyo. Mwenye gari ya mazutu anayeishi huko afikirie zaidi ile namba ya nguvu ya kuwasha.

Barabara mbovu nazo zina deni lao. Mtikisiko hupasua plaka na kuangusha unga wake. Batri isiyofungwa kwa chuma chake, au iliyofungwa kwa kamba ya mpira, haitamaliza umri wake, hata ikiwa ya bei kali namna gani.

Kabla ya kuilaumu batri

Batri nyingi hutupwa bila kosa. Kipimo cha volti cha fundi kinaweza kutoa jibu kwa dakika tano.

Kwanza, gari ikiwa imezima kwa saa kadhaa, kipimo kiwekwe juu ya vichwa. Volti 12.6 au zaidi ni batri iliyojaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12 na chini yake, batri iko karibu kuwa tupu.

Pili, kipimo kikiwa palepale, gari iwashwe. Wakati demareri inazunguka, volti zisishuke sana chini ya 9.6. Batri iliyojaa ikishuka zaidi ya hapo, imechoka.

Tatu, injini ikiwa inanguruma, volti zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5, au zaidi kidogo kwa baadhi ya magari. Zikibaki chini ya 13, alternateri haichaji au mkanda wake unateleza. Zikipita 15, inachemsha batri. Katika hali zote mbili, batri mpya itakufa kama ya zamani.

Nne, kuna wizi wa kimyakimya. Alamu au radio iliyofungwa vibaya inaendelea kunywa umeme gari ikiwa imelala. Kwa kawaida gari iliyofungwa haipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi. Ikivuta nusu ampea, inakunywa ampea-saa 12 kwa siku. Batri ya 45 Ah inapoteza nusu yake kwa siku mbili, na Jumatatu asubuhi gari iliyoegeshwa Ijumaa haiwaki.

Pale dukani

Sasa mnunuzi anajua anachotafuta. Bado anapaswa kujua anachopewa.

Aombe kuiona tarehe ya kutengenezwa. Batri huzeeka hata ikiwa rafuni, na ile iliyokaa mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuharibika. Aombe ipimwe mbele yake. Batri iliyo tayari kwa kazi ikisoma chini ya volti 12.4 inapaswa kuchajiwa kwanza. Ikiwa chini ya 12, aiache hapo.

Aangalie vichwa. Vyenye mikwaruzo vimekwisha kufungwa mahali pengine. Aangalie sanduku kama limevimba ubavuni au limegundishwa upya juu, maana kuna batri za zamani zinazofunguliwa, kuoshwa, kubandikwa karatasi mpya na kurudishwa sokoni. Batri ya okazyo si dhambi kuinunua, lakini iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Mwisho, aombe karatasi: jina la duka, tarehe, alama ya batri, na muda wa garanti. Ahadi ya mdomo haisaidii baada ya miezi mitatu.

Hatari isiyoonekana

Batri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Anayeangalia maji yake usiku atumie taa ya simu, asiwashe kiberiti. Wakati wa kuifungua, waya wa hasi utoke kwanza, na wakati wa kuifunga uwe wa mwisho. Wakati wa kuazima umeme wa gari nyingine, chanya ifungwe kwa chanya, kisha waya wa hasi wa batri nzima ufungwe kwenye chuma cha injini ya gari iliyokwama, mbali na batri yake. Asidi ikiruka machoni, maji safi mengi mara moja, kisha hospitali.

Na batri iliyokufa bado ina madhara. Risasi iliyomo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa akili yao inayokua. Kuvunja batri uani ili kuyeyusha risasi kwenye sufuria, au kumwaga asidi kwenye mtaro unaoelekea ziwani, ni kuleta sumu hiyo kwenye udongo wanakochezea watoto na kwenye maji ya jirani. Batri nzima, isiyovunjwa, ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na maduka mengine huipokea na kupunguza bei ya mpya.

Hesabu ya mwisho ni rahisi. Chukua mfano wa batri mbili: moja ya dola 60 inayodumu miezi minane, nyingine ya dola 100 inayodumu miaka mitatu. Ya kwanza inagharimu dola 7 na nusu kwa mwezi. Ya pili haifikii dola 3. Na hapo hazijahesabiwa asubuhi zilizopotea, abiria waliokwenda na wengine, wala vijana wa kusukuma.

Shoferi aliyechagua vizuri, akapima alternateri yake na kufunga vichwa imara, jioni anaegesha gari mahali popote anapopata nafasi. Hatafuti tena mteremko.